Jenerali wa Chumba Baridi

Jumatatu, 1 Oktoba 2007

Leo naanza kuandika. Siri ikikaa kifuani bila mahali pa kutokea itanitoa mimi roho. Kahiga, jirani yangu wa ploti hapa Karagita, Naivasha, anajua nusu, na hiyo nusu tayari inaninyima usingizi. Jepleting ni mchumba wangu, na kuna mambo ambayo mchumba huambiwa baada ya harusi. Nimebaki na daftari hili. Nimelichomoa stoo kazini, ni lile la kuandikia joto la chumba baridi, kwa hivyo kila ukurasa una mistari ya saa na nyuzi. Haidhuru.

Siri yenyewe ni hii. Mimi ni karani wa chumba baridi kwenye shamba la maua. Waridi zikishakatwa na kufungwa, zinakaa kwangu kwenye baridi mpaka lori lizichukue. Kwenye kompyuta yangu kuna programu ya kupima joto la chumba hicho. Kando yake kuna mchezo wa vita. Nimeuweka mimi! Humo ndani mimi ni Jenerali. Nina kikosi cha watu tisa: Wakorea saba, Mbrazili mmoja, na mwingine asiyesema anatoka wapi. Wote wananitii. Hapa shambani hata paka wa stoo hanitii.

Sasa balaa. Meneja wetu, Bwana Vikram, amefundishwa na mpwa wake kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kompyuta inatoa orodha ya kila kinachoendelea ndani yake. Tangu Ijumaa anapita ofisi hadi ofisi akibonyeza. Karani wa stoo amepatikana na karata. Karata tu! Yuko nyuma ya shamba kwenye lundo la mboji, amevaa gambuti, anageuza majani yaliyooza kwa uma.

Na wakati ni mbaya. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili, Vikram atamtaja supavaiza mpya wa banda la kupakia. Tumebaki wawili, mimi na Chepngeno wa gredi, wanakopanga maua kwa ubora. Supavaiza hupewa nyumba ya kampuni. Vyumba viwili, mfereji wa maji ndani! Mfereji huo ndio maisha yangu. Mzee Kemboi, babake Jepleting, alikuja kutoka Rongai mwezi wa nane, akatazama chumba changu kimoja, akatazama foleni ya ndoo pale nje, akauliza binti yake atachota maji wapi. Nikamwambia hapa ni pa muda tu, nimeshakuwa supavaiza, nyumba inapakwa rangi. Akasema atarudi Jumapili tarehe kumi na nne kuiona hiyo rangi.

Siku kumi na tatu.

Jumanne, 2 Oktoba

Amekuja! Saa nne na dakika kumi. Nilikuwa katikati ya vita, daraja linawaka. Nikashusha dirisha la mchezo, nikakodolea programu ya joto macho ya mtu mwaminifu. Vikram aliinama juu ya bega langu, akabonyeza vitufe vyake vitatu polepole, akifurahia. Orodha ikatokea. Nikafumba macho. Niliona gambuti. Niliona uma.

Nikahesabu mpaka tano.

Nikafungua jicho moja. Programu ya joto ipo. Programu ya barua ipo. Mchezo haupo! Na vita bado vilikuwa vinaendelea humo ndani, feni ya kompyuta ilikuwa inalia. Vikram akanigonga bega akasema, "Safi, Kipruto. Angalau mtu mmoja anafanya kazi hapa." Akaenda kumbonyezea mhasibu.

Jioni nikamuuliza Kahiga, kwa sababu CD ya mchezo ilikuwa yake, aliitoa Bondeni huko Nakuru. Akanicheka. Akasema mchezo unakuja na askari wake, programu nyingine kabisa, kazi yake ni kuzuia watu wasiibe ushindi. Ili wezi wasiuguse mchezo, askari anauficha. Hauonekani kwenye orodha. Yeye mwenyewe pia haonekani. Kisha akawa mzito kidogo, akasema, "Lakini chunga, buda. Huyo askari anachungulia mashini yote. Kitu asichokipenda anakifunga." Sikumsikiliza. Moyo ulikuwa unaimba.

Mtu mwingine angeutoa mchezo hapo hapo, amshukuru Mungu. Lakini Jenerali asipoonekana siku tatu hushushwa cheo mpaka Koplo. Siwezi kumtii yule Mbrazili. Badala yake nimeweka alama kwenye kijisanduku fulani, kuanzia leo mchezo unajiwasha wenyewe kila kompyuta inapowashwa. Inaokoa muda.

Alhamisi, 4 Oktoba

Asubuhi kisanduku kimetokea katikati ya kioo. Picha ya ngao, na maandishi ya Kikorea mistari sita. Chini yake OK. Nikabonyeza OK. Ukikataa kitu usichokielewa unaweza kumkasirisha mtu.

Kisanduku kikaondoka. Kila kitu shwari. Joto nyuzi 3.8. Safi sana.

Kanuni inasema kila baada ya saa mbili karani avae koti zito, aingie chumba baridi na kipimajoto cha mkononi, asome, aandike kwenye kadi iliyoning'inia mlangoni, aweke sahihi. Makarani wote wanajua kwamba hakuna karani anayeingia. Unasoma kwenye kompyuta, unaandika kwenye kadi. Koti lenyewe lina kunguni.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimesifiwa mbele ya watu! Vikram alichukua kadi yangu, akaiinua juu, akawaonyesha watu wote wa bandani. Saa mbili 3.8. Saa nne 3.8. Saa sita 3.8. Akasema katika miaka yake kumi na sita ya maua hajaona chumba kilichotulia namna hii, na kwamba hii ndiyo inaitwa nidhamu. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama askofu.

Chepngeno hakupiga makofi. Alikuja baadaye, mikono yake imejaa miiba kama kawaida, akaniuliza inawezekanaje chumba kisisogee hata nukta moja, na jana lori lilipakia saa nzima mlango ukiwa wazi. Nikamwambia ni ufundi. Akasema, "Haya, fundi." Akaondoka. Wivu ni ugonjwa.

Halafu nikakaa. Nikawaza. Saa nzima mlango wazi.

Kwa nini alisema vile?

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimelala vibaya. Nimefika kazini saa kumi na mbili na nusu, nikaacha mlango wa chumba baridi wazi kwa makusudi, nikakimbia kuangalia kompyuta. 3.8. Nikashika waya wa kipimio kwa mkono, nikaupulizia pumzi. 3.8. Nikaukumbatia kwapani. 3.8!

Namba imekufa. Ilikufa Alhamisi, na mimi ndiye nilibonyeza OK. Askari aliona programu ya joto inachungulia waya kila dakika, akaidhania mwizi, akaigandisha. Na kengele ya hatari iko ndani ya programu hiyo hiyo.

Nikavaa koti, kunguni na yote. Nikaingia na kipimajoto cha mkononi. Tisa! Feni moja ya ukutani ilikuwa imevimba barafu, haizunguki kabisa. Kwenye makatoni ya mbele waridi nyekundu zilikuwa zimeanza kufunguka. Waridi ikifunguka Naivasha, Uholanzi inafika imechoka. Nikakaa juu ya katoni.

Ningemwita fundi wa mitambo, feni ingetengenezwa kwa saa moja. Lakini fundi angeuliza kwa nini kengele haikulia. Angeangalia kompyuta. Kwa hivyo nikaamua kwanza niutoe mchezo, halafu ndiyo niite fundi. Mpango mzuri kabisa, ila mchezo sikuuona. Haumo kwenye orodha. Nilipojaribu kufuta folda yake, kompyuta ikanijibu kwamba hakuna folda kama hiyo. Nikampigia Kahiga. Akasema bila shaka, askari humficha kila mtu mchezo huo, na wewe ni kila mtu. Nimeficha kitu mpaka mwenyewe sikipati!

Saa nne nikafanya jambo la kishujaa. Nikatoka kwa pikipiki mpaka kwa kina mama wa samaki wa Karagita, nikachukua magunia mawili ya barafu yao, nikayatandaza katikati ya makatoni. Joto likashuka mpaka nane. Nikaandika 3.8.

Mchana Chepngeno alipita mlangoni, akasimama, akanusa. Akaniuliza kama siku hizi tunasafirisha tilapia. Nikasema ni yeye ana mafua. Jumapili yeye ndiye mwenye zamu. Mungu wangu, Jumapili yeye ndiye mwenye zamu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Ameona kila kitu. Jana alifungua mlango, akasikia joto usoni, hakusoma kompyuta wala kadi. Akaita fundi. Yeye na wasichana wanne wakahamisha makatoni yote kwenye chumba kidogo cha zamani kwa mikono, kuanzia ibada ya asubuhi mpaka jioni. Maua mengi yamepona. Makatoni arobaini ya nyekundu yametupwa kwenye lundo.

Leo Vikram alituita ofisini. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Alikuwa na kadi yangu mezani. Aliuliza kitu kimoja, kwa nini kengele haikulia. Nikasema pengine kompyuta imeingia virusi. Nikasema virusi huingia kwa flashi. Akauliza kama nimeona flashi yoyote. Nikasema niliona moja. Akauliza ya nani. Nikasema sikuangalia ya nani. Akauliza basi ilikuwa ya rangi gani.

Nikasema ya njano.

Shamba zima lina flashi moja ya njano. Ni ya Chepngeno, ya kwaya yake. Jumatano iliyopita aliomba kuchapisha maneno ya wimbo kwangu, na mimi ndiye nilimwekea karatasi kwenye printa. Sikumsingizia. Nilitaja rangi tu.

Chakula kimenishinda. Nilimwachia paka wa stoo, naye akakikataa.

Jumanne, 9 Oktoba

Jaydeep amekuja kutoka Nakuru, fundi wa kompyuta, na begi la CD na biskuti zake mwenyewe. Ana duka lake huko, na hana haraka ya maisha. Alikaa kwenye kiti changu saa tatu. Mimi nilisimama nyuma yake nikipangusa dirisha ambalo lilikuwa safi. Mwishoni akazunguka akamwambia Vikram, "Boss, hii si virusi ya kawaida. Kuna kitu ndani inajificha. Naona kivuli yake, yenyewe sioni." Akasema atarudi Alhamisi na vifaa vingine.

Vikram akawa mweupe. Akasema basi ni upelelezi. Kuna shamba jirani ambalo siku zote linajua bei zetu kabla yetu. Akafunga mlango, akamwita Chepngeno. Alipotoka alikuwa ameshika aproni yake mkononi. Amesimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

Alipita karibu nami. Nilitazama kadi ya joto kwa bidii. Nilidhani atanitukana, na kusema kweli nilitamani anitukane. Alisema tu, "Ile feni ya kushoto uiangalie, Kipruto. Ikianza kukwaruza ita fundi mapema."

Sijawahi kujisikia mdogo hivi. Mtu ana watoto wawili shule. Na sasa nimebaki peke yangu kwenye orodha ya supavaiza, mfereji ni wangu, na nimekaa kitandani naona haya hata kunawa uso.

Jumatano, 10 Oktoba

Moi Dei, lakini maua hayajui sikukuu. Barabarani magari ya wagombea yanapita na vipaza sauti, kila mmoja anaahidi maji. Hata wao wanajua mambo ya mfereji.

Nilipanga kuimwagia kompyuta chai. Kompyuta ikiungua, ushahidi umeungua, Jaydeep atarudi kwake, Chepngeno ataitwa kazini kwa kukosekana sababu ya kumweka nje. Hakuna mtu atakayeumia ila kompyuta. Nikajaza kikombe kikubwa. Nikajikwaa kwenye waya wa kompyuta hiyo hiyo, chai yote ikaingia kwenye suruali yangu. Ilikuwa ya moto! Nikakimbilia chumba baridi nikasimama humo dakika ishirini. Ni mara ya tatu mwaka huu naingia chumba hicho, na lazima niseme kiko vizuri, 3.5, kwa macho yangu.

Nilipotoka nikacheza kidogo, maana kuucheza mchezo bado kunawezekana, ni kuufuta tu kunakoshindikana. Dakika kumi tu. Wakorea walikuwa wananiulizia.

Jepleting alipiga simu saa kumi. Baba yake amenunua kofia mpya ya kuja kuonea nyumba. Mama yake ametia maziwa kwenye kibuyu yagande, mursik itakuwa tayari Jumapili. Alikuwa na furaha mpaka sauti ikawa inapanda. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwambia rangi bado haijakauka vizuri.

Basi! Imetosha. Kesho asubuhi nitaingia kwa Vikram na kusema yote. Chepngeno arudi kazini, mimi niende kwenye mboji, Mzee Kemboi aende na kofia yake. Nimeamua kama mwanamume. Nimeandika hotuba fupi: "Boss, kitu kinachojificha ni changu." Nimeisoma mara nne mbele ya kioo. Ni hotuba nzuri.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimechelewa dakika tano!

Nililala fofofo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, ndiyo faida ya dhamiri safi. Nilipofika, Jaydeep alikuwa kwenye kiti changu, Vikram amesimama, mhasibu amesimama, hata karani wa zamani wa stoo alikuwa dirishani na gambuti zake. Jaydeep alikuwa anaeleza huku anakula biskuti. Alisema ameiwasha mashini kwa CD yake mwenyewe, kwa hivyo huyo anayejificha alikuwa bado amelala, hakupata nafasi ya kujificha. Akamfuta. Sasa alikuwa anaiwasha upya kuona kama imepona.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Boss." Vikram akageuka. Nikasema, "Boss, kitu kina..."

Kompyuta ikapiga tarumbeta.

Nilikuwa nimesahau kabisa kile kijisanduku cha kujiwasha. Mchezo ukafunguka kioo kizima, mchana kweupe, na ngoma zake za vita. Picha yangu niliyopiga Nakuru na miwani ya jua. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, JENERALI KIPRUTO WA NAIVASHA. Halafu mchezo ukaona askari wake hayupo, ukaanza kulia, king'ora juu ya king'ora, maandishi mekundu ya Kikorea yakipita, na jina langu likiwaka na kuzima. Jaydeep alijaribu kuuzima akashindwa. Mwishoni aling'oa waya ukutani.

Vikram akaniuliza, kwa upole, nilikuwa nataka kumwambia nini.

Na mimi, na hotuba yangu mfukoni, nikasema nilikuja kumwambia chumba kiko 3.8.

Ijumaa, 12 Oktoba

Gambuti zangu ni namba tisa. Miguu yangu ni namba saba.

Karani wa stoo amerudishwa stoo, amenikabidhi uma na kunishauri nisimame upande ambao upepo unatoka. Chepngeno ametajwa supavaiza saa tatu asubuhi. Watu walipiga makofi mpaka nikasikia huku nyuma. Nami nilipiga, kwa siri, mara mbili.

Vikram angeweza kunifukuza. Chepngeno ndiye aliyemwomba asinifukuze. Saa saba alikuja mwenyewe mpaka kwenye lundo, na chupa ya chai. Nikamwomba msamaha, na kwa mara ya kwanza nilisema neno kwa neno kile nilichokuwa nimefanya, mpaka ya rangi ya njano. Alinisikiliza. Akasema, "Mficha uchi hazai, Kipruto." Akanimiminia chai. Ilikuwa saa yangu bora ya wiki nzima.

Kwa hivyo niliona nitumie nafasi hiyo kumwomba aniazime nyumba yake mpya ya kampuni Jumapili. Saa tatu tu! Angetoa picha zake ukutani, mimi ningeleta zangu. Chepngeno alicheka mpaka akakaa juu ya majani yaliyooza na aproni yake mpya. Kisha akaacha kucheka. Akasema ananipa mpaka jioni nimwambie Jepleting ukweli, la sivyo yeye ndiye atampigia.

Nikampigia. Nilisema yote kwa pumzi moja. Jepleting akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Akasema baba ameshawaambia majirani kwamba anakuja, hawezi kurudi nyuma, na kwamba Jumapili nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, yeye hatasema neno. Alikata simu bila kuniaga.

Akipoteza imani nami, nyumba ya nini? Mfereji wa nini? Nimekaa na hilo jioni nzima.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimemwambia! Uso kwa uso! Andika hii kwa wino!

Walishuka saa tano, Mzee Kemboi na kofia, Jepleting na kibuyu. Jepleting hakunitazama. Nikawakalisha chumbani kwangu, kile kile kimoja, na kabla mzee hajauliza nikasema, "Mzee, nilikudanganya. Mimi si supavaiza. Nyumba hakuna. Nilikuwa karani, nikacheza michezo kwenye kompyuta ya kazi, maua yakaharibika, nimeshushwa. Sasa natengeneza mboji." Nikaikalia mikono yangu.

Mzee akavua kofia. Akaiweka gotini. Akauliza, "Mboji ya nini?"

Nikasema ya maua. Majani, mabua, samadi ya ng'ombe. Akauliza lundo lina urefu gani. Akauliza nageuza mara ngapi. Akasema anataka kuliona.

Tukaenda. Mlinzi wa lango alituruhusu kwa sababu ni Jumapili na mzee alikuwa na kofia nzuri. Mzee Kemboi alizunguka lundo lote. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa unafuka mvuke. Akanusa. Akachukua ukoko mweusi akauvunja vunja kiganjani, na uso wake ukafunguka nikamwona kijana. Akasema amelima Rongai miaka arobaini, mbolea ya dukani imeukausha udongo wake, na kwamba supavaiza wa maua anaweza kumpata popote, lakini mtu anayejua kupika udongo hajampata bado. Akasema nyumba hujengwa, maji huchimbwa. Akasema mtu aliyesema ukweli na angeweza kudanganya tena, huyo mtu anaweza kukaa naye. Akampa Jepleting ishara, na Jepleting akanimiminia mursik kwa mkono wake mwenyewe, akinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilimeza na machozi.

Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri. Kila kitu! Tulikuwa tunarudi langoni. Mzee akauliza tu, kwa mazungumzo, kama kazi hii yote naifanya peke yangu.

Sijui kilichonipata. Ilikuwa furaha. Nikasema hapana, nina watu kumi na mmoja chini yangu. Nikasema mimi ndiye mkuu wa idara ya mboji. Nikasema wageni huja kutoka mbali kujifunza kwangu, na meneja hafanyi jambo la udongo bila kuniuliza.

Mzee akasimama. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema kikundi chake cha wakulima, watu thelathini na wawili, wana lori, na watakuja Alhamisi saa nne kufundishwa. Jepleting akaacha tena kunitazama, kama asubuhi.

Nimerudi chumbani, naandika haraka. Alhamisi Vikram kwa kawaida huwa Nairobi. Kwa kawaida. Kahiga amekubali kuwa mtu wangu wa kwanza chini yangu, na anasema anaweza kupata wengine sita kama kuna chai. Bado wanne. Kesho mapema nitamwona Chepngeno, anaweza kuniazima wale wasichana wa gredi kwa saa moja, na nikimweleza vizuri sidhani kama atacheka.